Kabla hamjatangaza tarehe ya harusi, hesabuni palizi

Nimeona wakulima wenzangu wengi wakipanga harusi kwa kukwepa wiki ya kupanda, halafu wanajiona wameshamaliza hesabu. Wanasema, "Tukishapanda tu, tunafunga ndoa." Ukweli ni kwamba hapo ndipo pabaya zaidi. Kupanda ni kazi nzito lakini ina mwisho wake. Mvua ikinyesha vizuri, mnajibana siku chache mnamaliza. Palizi haikubali hivyo.

Mahindi yakishachipua, magugu yakiyazonga kuanzia wiki ya pili au ya tatu hadi kama ya sita, mavuno mliyoyapoteza hayarudi, hata mkija kulima kwa bidii baadaye. Wakati huohuo mbolea ya kukuzia inatakiwa iingie, na mtu apite mstari kwa mstari akifunua majani ya katikati kutazama kama viwavi wameanza kutoboa. Sasa weka harusi humo. Harusi haili siku moja. Inakula siku za kuandaa, siku yenyewe, na siku za kusindikiza wageni, na wale ambao wangekusaidia kupalilia ndio haohao mliowaalika.

Mimi na mwenzangu sote tunaishi kwa jembe, mahindi na maharage. Tulipokaa kupanga, kwanza tuliandika mbegu gani itaingia shamba gani, kwa sababu mbegu ya muda mfupi hukomaa kwa siku 90 hadi 120 hivi, na ya muda mrefu inaweza kupita miezi 5. Tarehe ya jirani yako haiwezi kuwa yako kama hamkupanda mbegu moja. Baba alitaka tufunge ndoa mapema, kabla watu hawajatawanyika. Nikamwambia, "Baba, siku hiyo tutakuwa palizini, na wewe pia." Akahesabu kwa vidole kimyakimya, kisha akasema, "Basi sogezeni mbele, mwanangu."

Tukasogeza, lakini hatukuiweka wiki ya mavuno. Hili nalisisitiza sana kwa vijana. Wiki ya mavuno kila mtu anauza, na bei iko chini. Ukiwa umeshatangaza tarehe, mnunuzi atakukuta huna la kufanya, utampa magunia kwa bei atakayotaka yeye. Isitoshe, mahindi yanayotoka shambani bado yana unyevu. Yakiingia ghalani hivyo yanapata ukungu, na mahindi yenye ukungu ni hatari kwa atakayeyala. Kuna kipimo rahisi tunachotumia nyumbani. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, tia punje kiasi na chumvi kavu, funga, tikisa kwa dakika chache, kisha acha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu bado umezidi asilimia 15. Rudisha mahindi kwenye turubai. Isipoganda, bado yaanikeni kidogo zaidi, maana ya kuhifadhi muda mrefu yanatakiwa yawe kwenye asilimia 13 hivi.

Kwa hiyo nafasi nzuri, kwa maoni yangu, iko kati ya mavuno kukauka na kuanza kuandaa shamba tena. Sehemu ya mazao imeshauzwa kwa bei iliyoanza kupanda, na mikono ya watu haina kazi nyingi.

Kuhusu fedha nitasema jambo moja tu. Kabla ya kulipia chochote cha harusi, nunueni mbegu na mbolea ya msimu unaofuata, mziweke ndani. Pesa iliyo mfukoni wakati wa harusi ina wenyewe wengi. Mfuko wa mbolea ulioinuliwa juu ya mbao, mbali na sakafu na ukuta ili usivute unyevu, hakuna shangazi atakayeuomba uchangie mapambo.

Nyumba nayo inataka kuhesabiwa kurudi nyuma kutoka siku ya harusi, kwa sababu saruji na udongo havijui haraka ya mtu. Sakafu ya zege inatakiwa imwagiliwe na kubaki na unyevu kwa angalau siku 7, na mafundi huhesabu siku 28 ndipo waseme imefikia nguvu yake. Ukuta wa udongo ukipigwa lipu ungali mbichi utapasuka, na rangi ikipakwa juu ya lipu mbichi itabambuka. Ukianza kujenga wiki chache kabla ya harusi, mtaingia chumba kinachonuka unyevu, na godoro jipya litaanza kuota ukungu upande wa chini.

Mkiwa na uwezo mdogo, anzeni na paa zuri, sakafu, choo na mahali pa kuhifadhi mazao. Dari na rangi vinaweza kusubiri mavuno mengine. Ila mfereji wa kukinga maji ya paa msiuache. Mvua ya milimita 1 juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita 1 ya maji. Paa la mita za mraba 40 likipata mvua ya milimita 20, hiyo ni karibu lita 800, ukitoa kidogo kinachomwagika. Wakati wa palizi mtu aliyetoka shambani jioni akikuta pipa limejaa mlangoni, hana haja ya kubeba ndoo tena gizani. Sisi tuliona thamani yake msimu wa kwanza tu, na mke wangu bado anasema ndiyo pesa iliyotumika vizuri kuliko zote.

Na kama tarehe haiwezi kusogea, labda kwa sababu ya ndugu wanaosafiri kutoka mbali au likizo ya mmoja wenu, basi punguzeni eneo la kulima msimu huo na mtafute vibarua mapema, kabla wengine hawajawachukua. Usimamizi mpeni mtu ambaye hana jukumu lolote kwenye sherehe. Mtembezeni kila kipande mkiwa pamoja, mwonesheni mipaka na mistari ya kuanzia, na mkabidhini mbolea yenyewe, si pesa ya kwenda kuinunua.