Kabla hujabonyeza riseti kwenye draivu ya lifti

Nimefanya kazi kwenye vyumba vya mashine vya lifti kwa miaka 14, mingi yake Kariakoo na Upanga. Simu za vijana wa kazi huwa zinaanza hivi: "Kaka, draivu imeandika oV, nibadilishe nini?" Draivu ni kile kifaa kinachoilisha mota ya lifti umeme na kupanga mwendo wake, na oV ni alamu ya volti kuzidi ndani yake. Na mimi huuliza jambo moja kwanza: lifti ilikuwa inapanda au inashuka? Wengi hawana jibu, maana wameshariseti na tukio limepotea.

Alamu ni kile draivu ilichohisi wakati inajizima. Chanzo unakitafuta mwenyewe, na ushahidi mkubwa uko kwenye mazingira: kibanda kilikuwa kitupu au kimejaa, ndo kwanza kinaondoka au kinasimama, umeme ni wa gridi au wa jenereta. Draivu nyingi zinakusaidia hapo. Monarch, kwa mfano, inagawa volti kuzidi katika namba tatu: 05 wakati wa kuongeza mwendo, 06 wakati wa kupunguza, 07 mwendo ukiwa sawa. Nyingi pia zinahifadhi kumbukumbu ya volti na ampea za sekunde ile ilipojizima. Fungua hiyo kumbukumbu, piga picha kwa simu, kisha endelea.

Somo hili nililipata kwa gharama ya mteja, na bado linaniuma. Jengo la ofisi, ghorofa nane, lifti inasimama na alamu ya volti kuzidi. Nikapima umeme unaoingia, uko sawa. Nikapima rezista ya breki kwenye vituo vya draivu, pale nyaya zinapofungwa, mita ikasoma omu 41 na kibao kinasema 40. Nikaamua draivu imekufa. Mteja akanunua mpya. Kesho yake jioni, alamu ileile.

Aliyenifungua macho ni mzee mlinzi wa pale. Aliniambia, "Fundi mwanangu, hii lifti asubuhi ni nzima kabisa. Inaanza kusumbua saa kumi na moja jioni, watu wakitoka kazini."

Tazama maneno yale yalivyobeba kila kitu. Kaunta weti, ile fremu ya vyuma upande wa pili wa kamba, huwa na uzito wa kibanda kitupu ukiongeza karibu nusu ya mzigo ambao lifti imeruhusiwa kubeba. Asubuhi watu wanapanda wamejaa, kibanda kinarudi chini kitupu. Safari zote mbili mota inasukuma. Jioni mambo yanageuka: kibanda kinapanda kitupu kufuata watu, kaunta inakivuta, kisha kinashuka kimejaa, uzito wa watu unakivuta. Mota inageuka kuwa jenereta na kurudisha umeme ndani ya draivu. Kwenye mtandao wa volti 400, kapasita za ndani hukaa kwenye volti 560 hivi za DC. Umeme ule unaorudi ukikosa pa kwenda, volti hupanda hadi karibu 800 na draivu inajizima ili isiungue. Pa kwenda penyewe ni rezista ya breki, inayougeuza kuwa joto.

Nikapanda juu ya paneli ilipofungwa rezista. Skrubu ya upande wa kushoto ilikuwa imelegea, waya umekuwa mweusi kwenye kichwa chake, plastiki imekauka kama ganda la kitunguu. Nilipoutikisa huku mita ikiwa imeshika, omu 41 zikaruka hadi mita ikaonyesha waya umekatika, zikarudi, zikaruka tena. Ikiwa baridi na imetulia inasoma vizuri; ikipata moto na mtikisiko inaachia. Draivu ya zamani ilikuwa nzima. Nilimweleza mteja ukweli wote na sikuchukua hela ya ufundi.

Kwa hiyo oV ya kupanda mtupu au kushuka umejaa, anza na rezista na nyaya zake, na uzitikise.

Ampea kuzidi, ile oC ya draivu za Yaskawa au OC1 ya Fuji, ni habari nyingine. Ikitokea pale lifti inapotaka kuondoka, sikiliza breki ya mota kabla ya jambo lolote. Inapaswa kugonga "tak" na kuachia. Pima volti kwenye koili yake. Nimeshakuta nyingi ambazo kontakta ya breki, ile swichi inayoipelekea umeme, imeliwa meno, koili inapata nusu ya volti, mota inang'ang'ana na breki iliyofunga. Breki ikiwa nzuri, zima umeme, toa nyaya za mota kwenye U, V na W, ndipo upime insulesheni ya mota kwa mega, kile kipimo kinachotumia volti kubwa. Usipige mega nyaya zikiwa bado kwenye draivu, utaua transista zake.

Na kama mota ni ya sumaku isiyo na giaboksi, uliza kama kuna mtu aligusa enkoda, kile kihisi kinachoiambia draivu mota iko pembe gani. Ikifunguliwa na kurudishwa bila kuifundisha draivu upya pembe ya sumaku, kibanda kitashtuka na alamu itatoka palepale.

Volti kushuka wakati wa kuhamia jenereta wala isikutoe jasho, angalia muda wa kubadili na vituo vya kuingilia.

Hili nasema kwa uzito wote: ukizima swichi, kapasita bado zina umeme wa kuua. Subiri dakika zilizoandikwa kwenye kifuniko, taa ya CHARGE izime, kisha pima mwenyewe kati ya vituo vya DC vya draivu, chenye alama ya kujumlisha na chenye ya kutoa. Na usiunganishe swichi za kufuli za milango kwa waya, lifti ikatembea hata mlango ukiwa wazi, ili "ujaribu kidogo". Kuna mtoto wa mtu atafungua mlango kibanda hakipo.

Pale Kariakoo, kwenye jengo lile la ofisi, tulifunga daftari kwa kamba kwenye meza ya mlinzi. Anaandika mambo manne: saa, inapanda au inashuka, watu wangapi, umeme au jenereta. Mafundi wanaonifuata kwenye jengo lile husoma daftari hilo kabla ya kupanda ngazi.