Maswali na Majibu: Harry Wright, nahodha wa soksi nyekundu

Tangu nilipomtaja Harry Wright, mchezaji na kocha wa besiboli ya Marekani katika karne ya 19, barua zimemiminika. Nimechagua chache.

Ni kweli alikuwa Mwingereza?

Ndiyo. Alizaliwa Sheffield mwaka 1835, akavushwa Atlantiki akiwa mtoto mdogo.

Je, yeye ndiye aliyebuni besiboli?

Hapana, wala si Abner Doubleday, yule jenerali wa Marekani anayetajwa na hekaya kuwa mbunifu wake, nasema mapema kabla hamjaniandikia tena. Mchezo huu ulikua polepole kutokana na michezo ya zamani zaidi ya gongo na mpira. Wright alipojiunga na klabu ya Knickerbocker ya New York mwaka 1858, klabu hiyo ilikuwa imekwisha kutimiza miaka kumi na kitu.

Aliupata wapi ujuzi wa ukocha, ilhali alikuwa mlinzi wa uwanja wa nje tu?

Hilo neno "tu" ndilo linaloniudhi. Anayesimama katikati ya uwanja wa nje huuona mchezo wote mbele yake, na enzi hizo aliudaka mpira kwa viganja vitupu, kwa kuwa glavu zilikuwa bado hazijaingia. Isitoshe, Wright alikuwa ameshalipwa kucheza kriketi kama baba yake, Samuel, kwa hiyo mazoezi kwake yalikuwa kazi ya mshahara. Aliwafundisha wachezaji wake kwamba mmoja anapoukimbilia mpira, mwenzake amkingie nyuma usije ukapita, na kabla ya mechi aliwapigia mipira ya juu, mmoja baada ya mwingine, waidake. Leo mambo haya yanaonekana ya kawaida, na ndiyo maana hakuna anayekumbuka kwamba kuna mtu aliyeyasisitiza.

Kwa nini mwaka 1869 unatajwa sana? Wachezaji hawakuwa wakilipwa kabla ya hapo?

Walilipwa, lakini kwa mlango wa nyuma: huyu alipewa kazi isiyo na kazi, yule alipewa bahasha. Sina subira na neno "ridhaa" linapogeuzwa pazia la kuficha pesa, maana anayeumia ni mchezaji, ambaye siku akidhulumiwa hana mkataba wa kuuonyesha. Red Stockings (yaani Soksi Nyekundu) ya Cincinnati, chini ya Wright, ndiyo timu ya kwanza iliyotangaza waziwazi kwamba kila mchezaji wake ni wa kulipwa. Mdogo wake George, aliyekuwa nyota wa timu, alipewa dola 1,400 kwa msimu, naye Harry, nahodha na meneja, akachukua 1,200. Ni mabosi wangapi wa leo wangekubali kupokea pungufu ya wanaowaongoza?

Msimu huo hawakushindwa hata mara moja, na wakaenda kwa treni mpaka San Francisco, miezi michache baada ya reli ya kuvuka bara kukamilika. Doa ni moja tu. Mwezi Agosti, matokeo yakiwa 17 kwa 17, timu ya Troy iligombana na mwamuzi na kutoka uwanjani, naye akawapa Cincinnati ushindi. Wengi walishuku kwamba pesa za kamari ndizo zilizowatoa. Anayedhani kamari imeanza kuharibu michezo kwenye simu zetu asome habari za miaka hiyo.

Hatimaye nani aliwashinda?

Atlantic ya Brooklyn, tarehe 14 Juni 1870. Baada ya awamu tisa, ambazo ndizo urefu wa kawaida wa mechi, timu zilikuwa 5 kwa 5, na Brooklyn walikuwa radhi kwa sare. Wright ndiye aliyekataa. Katika awamu ya 11 Cincinnati walitangulia kwa mikimbio (yaani alama) miwili, kisha wenyeji wakapata mitatu. Inasimuliwa kwamba mpira mmoja uliingia katikati ya watazamaji, na McVey, mlinzi wa uwanja wa nje wa Cincinnati, alipoinama kuuokota, shabiki mmoja akamrukia mgongoni. Walishindwa 8 kwa 7.

Mbona klabu ilisambaratika upesi hivyo?

Viongozi wake walilalamikia gharama. Wright akahamia Boston na baadhi ya wachezaji, pamoja na jina na soksi zenyewe, akatwaa ubingwa mara nne mfululizo, 1872 hadi 1875, kisha tena 1877 na 1878. Viongozi wa klabu wanaoona kocha ni gharama wayasome hayo mara mbili.

Anahesabiwa miongoni mwa mashuhuri?

Ndiyo, lakini alichelewa. George aliingizwa katika Ukumbi wa Mashuhuri wa besiboli mwaka 1937. Harry, aliyefariki Atlantic City mwaka 1895, alingoja mpaka 1953, kwa sababu magongo huhesabiwa kwa urahisi kuliko mafundisho.

Ni hao Wright waliorusha ndege?

Nimeulizwa mara nne. Hapana. Wale ni Wilbur na Orville wa Dayton. Dayton na Cincinnati ziko katika jimbo moja la Ohio, na ujamaa unaishia hapo.