Ukianza kuichambua Benki ya Maendeleo ya Afrika, anzia kwenye hisa

Wengi mnaoingia kwenye kazi hii mnakimbilia orodha ya miradi: barabara, umeme, maji. Nawaelewa. Mimi pia nilianzia huko, na katika taarifa yangu ya kwanza nikaandika kwamba wanachama "wamelipa" mtaji wa dola bilioni 208. Mkuu wangu aliirudisha akiwa amelizungushia duara neno hilo moja.

Kiasi hicho ndicho magavana, yaani wawakilishi wa nchi wanachama, walichoidhinisha Oktoba 2019, kutoka bilioni 93. Fedha taslimu ndani yake ni sehemu ndogo. Zaidi ya tisa ya kumi ni mtaji wa ahadi: kila mwanachama anajifunga kutoa fungu lake endapo benki itashindwa kuwalipa wadai wake. Ahadi hiyo ndiyo inayoipa benki heshima sokoni. Inauza hatifungani, yaani hati za kukopa kwa wawekezaji, kwa riba ndogo, kisha inazikopesha nchi ambazo zingeenda sokoni peke yao zingelipa riba kubwa mno. Kwa hiyo ukisoma hesabu zake, tenganisha mtaji uliolipwa na ule wa ahadi kabla hujaandika sentensi hata moja.

Kuna pia Mfuko wa Maendeleo ya Afrika, ulioanzishwa 1972. Huo una vitabu vyake vya hesabu. Hutoa misaada na mikopo nafuu kwa nchi zenye kipato kidogo, na wafadhili huujaza upya kila baada ya miaka mitatu.

Sasa swali la nani ana sauti. Mkataba wa kuanzisha benki ulitiwa saini Khartoum mwaka 1963, na kwa miaka mingi wanahisa wa benki walikuwa nchi za Afrika pekee. Zilihofia kwamba mgeni akileta pesa ataleta na amri. Mlango ulifunguliwa 1982 kwa sababu mtaji ulikuwa hautoshi. Leo wanachama ni 81, na 54 kati yao ni wa Afrika, wanaoshika asilimia 60 ya hisa. Kila nchi hupewa kura 625 za msingi, kisha kura moja kwa kila hisa. Hivyo nchi ndogo haikosi kura, ila Nigeria, mwanahisa mkubwa kuliko wote, inasikika zaidi.

Hofu ile ya mwanzo bado imo kwenye kanuni. Rais lazima atoke Afrika, na mshindi anahitaji wingi mara mbili: wa kura zote, na wa kura za Waafrika peke yake. Kwangu mimi hicho ndicho kifungu bora kuliko vyote katika mkataba ule, na nasikitika kinavyorukwa.

Ukimaliza, usome na mkataba wa Benki ya Maendeleo ya Afrika Mashariki. Benki hiyo ilizaliwa 1967 pamoja na Jumuiya. Jumuiya ikavunjika 1977, lakini mwaka 1980 Kenya, Tanzania na Uganda wakaipa benki mkataba wake wenyewe, nayo ingali Kampala inakopesha.