Maneno nayajua, shairi silielewi

Swali: Shikamoo Mwalimu. Niko kidato cha tano, mchepuo wa HKL. Mashairi ya Kiingereza ya zamani yananitesa. Nafungua kamusi napata maana ya kila neno, nakariri noti za dhamira na tamathali za semi, lakini shairi lenyewe halinigusi. Nianzie wapi?
*Mwanafunzi, Iringa*

Jibu: Marahaba, mwanangu. Noti ziweke kando kwa muda. Mtihani utakuja na utazihitaji, lakini aliyeziandika alikwisha kulisoma shairi, na wewe hujalisoma bado. Unapewa jibu la swali ambalo hujaliuliza.

Chukua shairi fupi. Nakupa "On My First Son" la Ben Jonson, mwandishi wa London aliyeishi zama moja na Shakespeare. Lina mistari 12 tu. Kabla hujagusa kamusi, uliza mambo matatu: nani anasema, anamwambia nani, na kumetokea nini?

Kilichotokea ni hiki. Mwaka 1603 tauni iliingia London ikaua maelfu ya watu. Jonson hakuwepo mjini. Alikuwa mgeni wa Sir Robert Cotton huko shamba, pamoja na William Camden, aliyemfundisha utotoni. Akiwa huko akamwona mwanawe katika njozi, ana alama ya msalaba wa damu kwenye paji la uso, kana kwamba amekatwa kwa upanga. Asubuhi akamwendea Camden, naye akamtuliza kwamba hayo ni mawazo tu. Kisha barua ya mkewe ikafika: mtoto amekufa kwa tauni. Aliitwa Benjamin, jina la baba yake, na alikuwa na umri wa miaka saba. Miaka mingi baadaye Jonson alikwenda Scotland kwa miguu, akamsimulia mshairi William Drummond kisa hicho, na Drummond akakiandika.

Sasa soma mstari wa kwanza kwa sauti: *Farewell, thou child of my right hand, and joy*. Kwaheri, ewe mtoto wa mkono wangu wa kuume, na furaha yangu. Nilipolisoma shairi hili darasani Muheza, kijana mmoja wa dawati la nyuma alisema, "Mwalimu, huyu baba haongei na sisi, anaongea na mtoto." Nilifurahi sana siku ile, kwa sababu hapo ndipo shairi linapoanzia. Mtoto amelala kaburini, baba anamuaga, na sisi tumesimama pembeni tunasikia.

Mistari inayofuata wewe utaielewa haraka, maana umekulia mahali ambapo watu wanaambiana msibani kwamba mtoto ni amana. Jonson anasema: uliazimwa kwangu miaka saba, na sasa nakulipa, siku ileile iliyopangwa. Ni maneno ya imani, lakini sikiliza ukali wake. Mwenye mali hakuchelewesha hata kidogo, amekuja kudai siku ya ahadi. Baba anajaribu kusema kama mtu anayefunga hesabu kwa utulivu.

Halafu utulivu unamshinda. *O, could I lose all father now!* Laiti ningeweza kuuvua ubaba wote sasa! Sentensi inakwisha katikati ya mstari, na nyingine inaanza pale pale na kumwagikia mstari unaofuata. Anajiuliza kwa nini tunalilia hali ambayo tulipaswa kuionea wivu: mtoto ameepuka machungu ya dunia na ya mwili, na kama hakuna kingine, basi ameepuka uzee. Hoja ni nzuri, na haimsaidii. Unasikia kwamba haimsaidii kwa jinsi sauti inavyokatika, na hilo hakuna kamusi itakayokuonyesha.

Kwa hiyo unaposoma, usisimame mwisho wa kila mstari. Soma hadi nukta. Wanafunzi wengi wanapotea hapa tu: wanafasiri mstari mmoja mmoja kana kwamba kila mstari umejitosheleza, na sentensi inasambaratika mikononi mwao. Tafuta nani anafanya nini, kisha rudi uone mshairi ameikata wapi.

Karibu na mwisho anamwagiza mtoto: lala kwa amani, na ukiulizwa, sema hapa amelala kazi bora ya ushairi ya Ben Jonson. Mtu aliyeishi kwa kuandika anasema kazi yake bora kuliko zote ni mtoto, na imezikwa. Kisha anajiapiza kwamba tangu leo chochote atakachokipenda asikifurahie kupita kiasi. Wapo wanaoona hapo mafunzo ya dini. Mimi naona baba aliyeogopa. Soma mistari hiyo miwili ya mwisho mara kadhaa, uamue mwenyewe, kisha ndipo ufungue noti.

Swali: Asalaam aleikum Mwalimu. Mimi ni mtunzi, mashairi yangu yamesomwa redioni. Mjukuu wangu ananisomea Kiingereza cha shuleni. Nahesabu mizani, hazikai sawa. Vina mara vipo, mara hakuna kabisa. Kwetu hayo tungeyaita guni. Wao wanayaitaje mashairi?
*Mtunzi, Pemba*

Jibu: Waaleikum salaam, mzee wangu. Sikio lako ni zima, ila kinachopimwa pale si kile unachopima wewe. Kiswahili mkazo wake hauhami: unakaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, neno baada ya neno. Mtunzi wetu hana haja ya kuupanga, hivyo anahesabu silabi, nane kwa nane katika tarbia, na anafunga kwa vina vya kati na vya mwisho. Katika Kiingereza mkazo unarukaruka, na ndio wanaoupanga. Mstari wao mashuhuri una silabi kumi, lakini roho yake ni mapigo matano. Mwambie mjukuu asome mstari wa Thomas Gray wa mwaka 1751, *The curfew tolls the knell of parting day*, nawe upige kofi kila sauti inapopanda. Utapiga makofi matano. Baadaye utakuta mistari ambayo pigo limesogezwa kwa makusudi, na mara nyingi hapo pana jambo.

Kuhusu vina, wanavyo. Hilo la Jonson hapo juu lina vina viwili viwili tangu mwanzo hadi mwisho. Lakini wanao pia utamaduni wa kuviacha na kubaki na mapigo. Tamthilia za Shakespeare kwa sehemu kubwa ziko hivyo. John Milton, akiwa kipofu, alitunga utenzi mrefu wa *Paradise Lost*, uliotoka mwaka 1667, bila vina. Wasomaji wakashangaa kama ulivyoshangaa wewe, akalazimika kuandika maelezo akiviita vina utumwa. Mimi sikubaliani naye, na yeye mwenyewe alitunga soneti nzuri zenye vina. Ila ukisomewa kurasa zake kwa sauti utasikia kwamba hakuna kilicholegea. Mwalimu Nyerere naye alipofasiri *Julius Caesar* mwaka 1963, na *Mabepari wa Venisi* mwaka 1969, hakulazimisha vina mahali ambapo Shakespeare hakuviweka.

Swali: Binti yangu anahitimu chuo kikuu. Nataka kusoma kwenye sherehe lile shairi la Robert Frost la njia mbili msituni, linalotufundisha kuthubutu kupita njia ambayo wengi hawapiti. Wewe unaonaje?
*Mama wa mhitimu, Dodoma*

Jibu: Hongera sana, dada. Shairi ni zuri, ila soma ubeti wa pili na wa tatu polepole. Msafiri anasema wazi kwamba njia zote mbili zilikuwa zimechakaa karibu sawa, na asubuhi ile zote zilifunikwa na majani ambayo hayajakanyagwa. Ni mwishoni tu anaposema kwamba, miaka mingi ijayo, atasimulia huku akivuta pumzi kuwa alipita ile isiyopitwa sana. Frost alimtungia rafiki yake Edward Thomas, ambaye walipotembea pamoja vijijini Uingereza alikuwa akijuta kwamba hawakupita njia nyingine. Thomas alijiunga na jeshi mwaka 1915, akauawa Arras, Ufaransa, Aprili 1917.

Mhitimu anaweza kulisikia hilo, na huenda likamfaa zaidi kuliko wito wa kuthubutu: unachagua bila kujua, kisha unaishi na ulichochagua. Lisome lote, na beti hizo mbili za kati usiziruke.