Igizeni Agosti 1697, mizinga iacheni inyamaze

Swali la wiki hii liliuliza: je, Ngome ya Yesu ya Mombasa, ambayo wengi huiita Fort Jesus, inaweza kusimuliwa na waigizaji badala ya vibao ukutani, na kama inawezekana, kazi ianzie wapi?

Inawezekana, na ianze kwa kukataa. Msiigize miaka mia nne kwa saa moja. Mkipanga Mreno, kisha Mwomani, kisha ukoo wa Mazrui, kisha Mwingereza na wafungwa wake, mtapata gwaride la mavazi na mgeni atatoka hajui nani alimfuata nani. Chagueni mwezi mmoja. Pendekezo langu ni Agosti 1697.

Sababu ni hii. Waomani waliizingira ngome kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, miezi 33. Watu husimulia kisa hicho kana kwamba ni Wareno ndani na Waarabu nje. Lakini tangu mwanzo Wareno ndani walikuwa wachache, na wengi waliokuwa nao walikuwa watu wa pwani walioshika upande wao. Mwanzoni mwa 1697 maradhi yaliingia, na katikati ya mwaka Wareno wa ngomeni walikuwa karibu wote wameshakufa. Inasimuliwa kwamba ulinzi ulibaki mikononi mwa Sheikh Daud wa Faza, mji wa kisiwa cha Pate, jamaa zake 17, wanaume Waafrika 8 na wanawake Waafrika 50. Msaada wa meli haukufika hadi katikati ya Septemba. Kwa hiyo kuna wiki kadhaa ambazo ngome ya mfalme wa Ureno ilishikwa na Waswahili wa Pate na wanawake hamsini. Si wageni wengi wanaotoka getini wakilijua hilo.

Uchaguzi huu unapunguza gharama pia. Hamhitaji kofia za chuma wala dirii, ambazo juani huwa kikaango baada ya dakika ishirini. Mnahitaji pamba nyeupe na ya rangi ya nili, vikoi, vilemba, makubadhi, na mikeka. Mahali pa kuteleza ni kwenye nguo za wanawake. Kanga haikuwepo. Neno leso ni la Kireno na ni la zamani, lakini nguo tunayoiita leso Mombasa ilizaliwa nusu ya pili ya karne ya 19. Buibui pia ni la baadaye. Mwanamke wa 1697 akijitokeza na leso yenye jina, yaani maandishi yake, kila mama wa Mji wa Kale atacheka, na atakuwa na haki. Vivyo hivyo taarabu: isisikike hata kwenye spika za getini. Nyumba ya Waomani iliyo ndani ya ngome ilijengwa takriban karne moja baada ya kisa hiki, basi isiwe kituo. Na ile mizinga miwili mikubwa iliyo nje, ambayo watu hupiga nayo picha wakidhani ni ya Wareno, ni ya Vita vya Kwanza vya Dunia: mmoja wa meli ya Kiingereza Pegasus iliyozamishwa Zanzibar 1914, mwingine wa meli ya Kijerumani Königsberg iliyoishia Rufiji 1915. Kiongozi aseme hivyo mapema, kabla watu hawajaingia, la sivyo swali hilo litaulizwa katikati ya kifo cha mtu.

Mpangilio: vituo vinne, dakika nane kila kimoja, dakika tatu za kutembea. Kundi lisizidi watu 25, kwa sababu juu ya kuta kuna sehemu nyembamba na mtoto mmoja akikimbia humwoni. Makundi yaachane kwa dakika 15. Kundi la kwanza likianza saa kumi na robo alasiri, la tatu linamaliza saa kumi na moja na nusu. Hapo mmepita adhana ya alasiri na hamjagusa magharibi. Msijaribu kushindana na misikiti ya Mji wa Kale kwa vipaza sauti. Mtashindwa, na si adabu. Katika dakika nane, tano ni za maneno na tatu ni za maswali. Dakika tano ni kama maneno 550 ya Kiswahili cha kawaida. Mwandishi akileta maneno 900, mwigizaji atakimbia na hakuna atakayeshika kitu.

Kituo chenye uzito ni cha maji na mchele, na hapo ndipo pa kutumia fedha. Ngome ina birika la mvua na ina kisima, lakini maji ya kisima ni ya chumvi, ya kufulia tu. Agosti si masika. Wekeni mtungi, kata ya kifuu, na mwanamke anayegawa. Asieleze kiu. Agawe tu, mbele ya watu, kwa kata ile ile, akihesabu kwa sauti, na mgeni mmoja apewe kata iliyojaa nusu aambiwe ni ya mpaka kesho. Kisima chenyewe kiwe kimefunikwa kwa wavu, na ndoo ya kuvuta iwe kwenye mtungi wa pembeni. Ndoo ya plastiki isionekane popote, hata ya mfagiaji. Hili husemwa kila mara na kila mara ndoo ya bluu hutokea kwenye picha.

Mchele upimwe kwa kibaba, kipimo cha robo pishi. Watu wa Sheikh Daud, pamoja naye, ni 76. Tuseme kila mmoja apate kibaba kwa siku: vibaba 76 ni pishi 19, na pishi ni karibu kilo 2.7, yaani kilo 51 kwa siku. Kwa siku 50 ni pishi 950, tani mbili na nusu. Hesabu hii ni mfano wa kufundishia, haimo katika kumbukumbu, na mwigizaji aseme hivyo. Lakini waacheni watoto wa shule wapime wenyewe kwa kibaba na pishi halisi. Kisha waulizwe wampunguzie nani. Wakubwa hunyamaza hapo kuliko mbele ya upanga wowote.

Sasa mizinga. Wengi wataitaka ilie. Castle Cornet, ngome ya kisiwa cha Guernsey, hufyatua mzinga saa sita mchana, na wageni huja kwa hilo. Lakini pale ni mlio mmoja, wa watu waliofunzwa, saa ile ile. Mombasa mna kuta za matumbawe, nyumba za watu hatua chache kutoka ukutani, na sheria za silaha na baruti ambazo zitawamalizia msimu mzima kwenye ofisi. Fanyeni zoezi kavu. Mzinga wa mbao uliopakwa rangi, watu watano, na hatua zifuatwe kwa mpangilio wake: pangusa kwa sifongo lililolowa, tia baruti, sokomeza kizibo, tia tufe, shindilia, tia baruti ya tundu, kisha utambi. Mfafanuzi aeleze kwa nini sifongo ni la maji: kaa dogo likibaki ndani, baruti mpya humlipukia anayeishindilia. Na kwa nini upawa wa baruti ni wa shaba: chuma hutoa cheche. Kisha hatua ya mwisho isifanyike. Mkuu wa mzinga aangalie pipa, aseme baruti ni ya kesho. Ukimya huo utafanya kazi kuliko mlio.

Kila kituo kiwe na watu wawili: mwigizaji anayesema kwa nafsi ya kwanza, na mfafanuzi aliyevaa nguo za leo. Bila huyu wa pili, mgeni akiuliza jambo ambalo mtu wa 1697 hawezi kulijua, mwigizaji hubuni, na ubuni huo jioni unakuwa historia kwenye simu za watu. Mauaji ya 1631, Sultani Yusuf bin Hasan alipomuua kapteni na kuitwaa ngome, yasiigizwe kabisa. Yasimuliwe na mfafanuzi, akisimama, kwa maneno matatu manne. Kuna Wakristo wanaowaita waliokufa siku ile mashahidi, na kuna Waislamu wa Mombasa wanaomwona Yusuf shujaa. Wote watakuwa kwenye kundi moja. Na mgeni yeyote asifungwe kamba wala kuwekwa mstarini aigize mtumwa. Hilo halina maelezo marefu.

Lugha iwe Kimvita cha leo, lahaja ya Mombasa, chenye ndoo (njoo) na mato (macho) na ndia (njia) yake, si Kiswahili cha kubuni cha kale. Kiingereza kije baada ya tukio kwa muhtasari wa dakika moja, si sentensi kwa sentensi. Tafsiri ya papo kwa papo huua kila pumziko. Agosti ni kusi, na ule upepo hula sauti. Mwigizaji asimame upande wa kusini, watu kaskazini yake, upepo umbebee maneno. Kinyume chake atapaza mpaka koo likauke siku ya pili. Kila mmoja anywe nusu lita ya maji kila nusu saa, nyuma ya ukuta, na zamu isizidi makundi matatu.

Kuta ni za urithi wa dunia tangu 2011, na ziko chini ya Makumbusho ya Taifa. Hakuna msumari, hakuna gundi, hakuna mwenge unaoegemea ukuta, maana masizi huingia kwenye vinyweleo vya matumbawe na hayatoki. Stendi za taa zishikwe na mifuko ya mchanga. Likitoka jiwe, lisirudishwe kwa saruji na fundi wa haraka. Saruji ni ngumu kuliko matumbawe na hufungia unyevu ndani, kisha jiwe la jirani ndilo linalopasuka. Chokaa, na mtu wa makumbusho awepo.

Waigizaji watoke Mji wa Kale, walipwe kwa siku ya mazoezi sawa na siku ya onyesho. Wiki sita zinatosha, mbili kati ya hizo ndani ya ngome yenyewe, saa ile ile ya onyesho. Mazoezi ya ukumbini hayamfundishi mtu jua la saa kumi wala kunguru.

Kituo cha mwisho kiwe juu, ukuta wa upande wa bahari. Chagueni siku za bamvua, siku mbili tatu baada ya mwezi mpevu au mwandamo, maana maji hujaa alasiri na mlango wa bandari huwa umefurika wageni wanapofika juu. Kijana mmoja tu, anatazama kusini, upande ambao meli ya Msumbiji ingetoka. Asiseme kama inakuja. Kisha kundi lishuke moja kwa moja hadi kwenye vyombo vya Santo António de Tanná katika makumbusho: meli iliyofika Septemba ile na msaada, ikazama mbele ya ngome Oktoba, ikachimbuliwa na wapiga mbizi kuanzia 1977. Mfafanuzi abaki mlangoni.