Tamthilia ya nyimbo kwa watoto kumi au arobaini

Mwalimu, kama hujui muhula ujao klabu itabaki na watoto kumi au arobaini, chukua hadithi ya wahusika wakuu wachache na kundi la waimbaji. Mimi hapa Kisumu ningeenda moja kwa moja kwa Luanda Magere, shujaa wa vita wa hadithi za Waluo. Wa lazima ni watatu: Magere, mke aliyetoka kwa maadui, na msimulizi, ikiwezekana mwenye nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo. Waliobaki ni wanakijiji, kisha wanajifunga shuka na kugeuka jeshi la Lang'o, hao maadui. Kivuli cha Magere, penye nguvu zake zote, kinaweza kuwa mtoto mmoja au kumi wanaomfuata kwa hatua zilezile. Mkuki ukikichoma, wote chini kwa pamoja! Ila usimwachie mtoto mmoja wimbo mzima. Akihama shule umekwama, gawa beti.