Jibu: Parasetamoli ya bei nafuu na Panadol

Dada, umeuliza kama parasetamoli ya bei nafuu uliyouziwa na kemisti wa Umoja ni sawa na Panadol, maana orodha ya viambato haifanani. Tazama kwanza kile kinachofanya kazi: zote zina parasetamoli miligramu 500 kwa tembe. Hicho ndicho kinachotuliza maumivu. Vingine, kama wanga au povidoni, ni vya kushikanisha unga na kusaidia tembe iyeyuke tumboni. Hapo kila kiwanda kina mapishi yake. Vitakuhusu tu ukiwa na mzio.

Panadol Extra ndiyo tofauti, imeongezwa kafeini miligramu 65. Ukiimeza usiku na chai juu yake, usishangae kukesha.

Mimi nahofia zaidi ile dawa ya mafua uliyosema unameza pia. Nyingi zina parasetamoli ndani, na mtu mzima hapaswi kuzidisha gramu 4, yaani tembe 8, kwa saa 24. Ikizidi, ini ndilo huumia, na dalili huchelewa kuonekana. Geuza pakiti usome. Kama ulikatiwa tembe bila pakiti (wengi wetu hununua hivyo), rudi uulize jina kabla ya kuchanganya.